Kufundisha Kiingereza ughaibuni kihalali: sifa, vyeti na mihuri, hatua kwa hatua

Wengi wanaotaka kwenda kufundisha Kiingereza nje ya nchi yao huanza kwa kununua kozi. Wanaona tangazo la cheti cha TEFL (kufundisha Kiingereza kama lugha ya kigeni) cha saa 120, bei imeshushwa, wanalipa, wanamaliza baada ya wiki chache, halafu ndipo wanauliza ni nchi gani itawapokea. Mpangilio huo umekaa miguu juu kichwa chini. Anayekuruhusu kufanya kazi si chuo kilichokupa cheti, wala si shule iliyokupenda kwenye usaili. Ni serikali ya nchi unayokwenda, nayo ina orodha yake ya masharti. Orodha hiyo ndiyo ya kusomwa kwanza. Kozi, mitihani na mihuri vinafuata nyuma yake.

Ukifuata mpangilio huo unaweza kugundua kwamba huhitaji kabisa kozi uliyokuwa unaiwekea akiba. Au utagundua kwamba nchi uliyoiota haikuruhusu kwa sababu ambayo cheti chochote hakiwezi kuiondoa. Ni uchungu kulijua hilo, lakini ni nafuu kulijua kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Hatua ya 1: Jua nani anadai nini

Masharti unayoyaona kwenye tangazo la kazi huwa yamechanganywa kutoka sehemu tatu, na kila sehemu ina uzito wake.

Kwanza ni uhamiaji na wizara ya kazi. Hawa ndio wanaotoa viza na kibali cha kazi, na masharti yao ni sheria. Wakisema shahada, ni shahada. Mkuu wa shule hawezi kukusamehe hata akikupenda vipi. Pili ni mamlaka ya elimu, yaani wizara au baraza la walimu, ambalo katika baadhi ya nchi hutoa leseni ya kuingia darasani. Tatu ni mwajiri mwenyewe, ambaye anaweza kudai zaidi ya sheria lakini hawezi kudai pungufu.

Thailand inaonyesha jambo hili vizuri. Mwalimu wa shule huko anahitaji viza ya aina ya Non-Immigrant B anayoiomba ubalozini, kibali cha kazi kinachotolewa na mamlaka ya kazi, na leseni ya ualimu, au ruhusa ya muda ya kufundisha bila leseni, kutoka Baraza la Walimu liitwalo Khurusapha. Hayo ni makaratasi matatu kutoka milango mitatu. Mtu mwenye viza pekee bado hajaruhusiwa kushika chaki.

Kwa hiyo ukisoma tangazo lililoandikwa kwamba shahada haihitajiki, jiulize: nani haihitaji? Ikiwa ni shule tu, na sheria ya nchi inaidai, basi shule hiyo inakualika ufanye kazi kinyume cha sheria, na siku ya ukaguzi atakayerudishwa kwao ni wewe.

Hatua ya 2: Angalia pasipoti yako kabla ya kuangalia kazi

Hapa ndipo wengi hujikwaa, na matangazo ya kozi hayapendi kulisema waziwazi. Katika nchi kadhaa, uraia wako una uzito kuliko Kiingereza chako.

Korea Kusini hutoa viza ya E-2 ya walimu wa lugha, na kwa Kiingereza imeifungua kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini. Nje ya hapo njia ni nyembamba sana. Anayeishi Korea kwa viza ya aina nyingine, kwa mfano ya ndoa na raia au ya ukaazi wa kudumu, hafungwi na orodha hiyo.

Kanuni za China zinasema mwalimu wa lugha wa kigeni afundishe lugha yake mama, na kwa kawaida mamlaka za huko hutafsiri sharti hilo kwa kutumia orodha ileile ya nchi za wazungumzaji wa asili. Utekelezaji hutofautiana kati ya jimbo na jimbo, ndiyo maana utasikia fulani alipata na mwingine akanyimwa.

Taiwan imechukua njia nyingine. Kwa mwalimu wa shule za masomo ya ziada, sheria inataka lugha anayofundisha iwe lugha rasmi ya nchi iliyotoa pasipoti yake. Neno ni rasmi, si asilia, na tofauti hiyo inafungua mlango kwa raia wa nchi nyingi ambazo Kiingereza ni lugha ya serikali. Anayetoka katika nchi ya namna hiyo asikubali kufukuzwa na wakala anayerudiarudia orodha ya nchi saba kana kwamba ni sheria ya dunia nzima.

Japani haina orodha ya pasipoti kwa walimu wote. Kwa asiyekulia katika nchi ya Kiingereza, uhamiaji hutaka uthibitisho kwamba amesoma kwa Kiingereza kwa miaka 12. Kama masomo yako ya msingi na sekondari yalikuwa ya Kiingereza, omba barua kutoka kila shule ikieleza lugha ya kufundishia na miaka uliyosoma. Barua hizo huchukua muda kuzipata, hasa kama shule imebadilisha jina au imefungwa, hivyo anza nazo mapema.

Thailand na Vietnam huwapokea walimu wa mataifa mengi, lakini asiye mzungumzaji wa asili hudaiwa ushahidi zaidi: alama za mtihani wa lugha, au shahada ya ualimu wa lugha. Katika nchi za Ghuba, leseni ya ualimu na uzoefu wa darasani vina nguvu kubwa kuliko mahali ulipozaliwa, ingawa wako waajiri wanaochagua kwa pasipoti hata pale ambapo sheria haiwalazimishi.

Naona utaratibu huu wa kupima mwalimu kwa pasipoti si wa haki. Aliyejifunza Kiingereza darasani, akasota na vitenzi vyake, mara nyingi anajua kueleza kwa nini sentensi imekosewa kuliko aliyezaliwa nacho mdomoni. Lakini afisa wa dirishani hapimi hilo. Kwa sasa kilicho mikononi mwako ni kuchagua nchi ambayo sheria yake inakutazama kwa ulichosoma, na kuacha kupoteza nauli kwa nchi isiyokutazama hivyo.

Hatua ya 3: Shahada

Katika nchi nyingi zinazoajiri walimu kwa wingi, shahada ya kwanza ndiyo sharti la viza, na mara nyingi somo lolote linafaa: uhasibu, kilimo, sheria. Ndivyo ilivyo kwa E-2 ya Korea, na ndivyo ilivyo kwa mpango wa JET wa Japani ulioanza mwaka 1987 kupeleka vijana wa kigeni kusaidia kufundisha katika shule za huko. China huongeza sharti la uzoefu wa miaka miwili ya kufundisha lugha baada ya shahada, lakini mwenye shahada ya elimu au ya lugha, mwenye leseni ya ualimu au cheti kinachotambulika cha kufundisha Kiingereza anaweza kusamehewa miaka hiyo. Taiwan huweza kumkubali mwenye stashahada ikiwa ana cheti cha mafunzo ya kufundisha lugha.

Kama huna shahada, cheti cha TEFL hakiizibi nafasi yake katika nchi inayoidai kisheria. Tangazo lolote linaloahidi kinyume, liweke kando.

Kama unayo, kagua mambo mawili. La kwanza ni namna ulivyoipata. Shahada ya masafa au ya mtandaoni huleta maswali katika baadhi ya nchi, za Ghuba hasa, kwa hiyo uliza kabla ya kuomba. Pale unapotakiwa kuthibitisha shahada yako ina hadhi gani kwa kulinganisha na za nchi nyingine, taasisi zilizo katika mtandao wa ENIC-NARIC hufanya kazi hiyo.

La pili ni hali ya karatasi yenyewe. Usiilaminishe. Watu huilaminisha shahada kwa nia njema ya kuitunza, halafu afisa wa wizara anakosa pa kugonga muhuri na wanalazimika kurudi chuoni kuomba nyingine. Iweke kwenye bahasha ngumu tu. Omba pia matokeo ya masomo yote, yakiwa na muhuri wa chuo, maana utadaiwa hata pale ambapo orodha haikuyataja.

Hatua ya 4: Cheti cha kufundisha Kiingereza

TEFL, TESL na TESOL si vyuo wala mitihani. Ni majina ya fani: kufundisha Kiingereza kama lugha ya kigeni, kama lugha ya pili, au kwa wasemaji wa lugha nyingine. Hakuna chombo kimoja duniani kinachosimamia nani atoe cheti chenye maneno hayo. Yeyote anaweza kufungua tovuti, akaandika kozi, akachapisha vyeti na hata akabuni taasisi ya kujiidhinisha mwenyewe. Hivyo maneno kwamba kozi imeidhinishwa kimataifa hayakuambii chochote mpaka ujue imeidhinishwa na nani, na kama huyo anatambuliwa na serikali yoyote.

Vyeti viwili vinajulikana karibu kila mahali: CELTA ya Cambridge na CertTESOL ya Trinity College London. Vyote viwili vipo kwenye ngazi ya 5 ya mfumo wa sifa unaosimamiwa na Ofqual, mdhibiti wa mitihani wa Uingereza. Vyote vina angalau saa sita za kufundisha wanafunzi halisi mbele ya mkufunzi. CELTA ya kutwa hukamilika kwa takriban wiki nne, na ina kazi nne za kuandika pamoja na saa nyingine sita za kutazama walimu wazoefu wakifundisha. Wanaomaliza ngazi hiyo na kufundisha miaka kadhaa huendelea na DELTA au DipTESOL, ambazo ziko ngazi ya 7 na humfungulia mtu kazi za ukufunzi na usimamizi.

Zile saa sita ndizo kiini cha cheti. Unasimama mbele ya watu wazima waliokuja kujifunza kweli, una dakika 40 za kufundisha wakati uliopita timilifu, na nyuma ya darasa mkufunzi anaandika. Anaandika kwamba umesema sana wewe na wanafunzi wakasema kidogo. Anaandika kwamba umeuliza kama wameelewa, wote wakaitikia, ukaendelea, kumbe hawakuelewa. Ukishamaliza mnakaa pamoja na wenzako mnalichambua somo lako kipengele kwa kipengele, na kesho yake unasimama tena. Hakuna video wala maswali ya kuchagua jibu yanayoweza kukupa hilo.

Je, kozi ya mtandaoni ya saa 120 haina maana? Ina maana, mradi ujue inakupa nini. Pale ambapo sheria inasema tu cheti cha saa 120, kama inavyotokea China, kozi nzuri ya mtandaoni inaweza kutosha kwa kibali. Itakufundisha sarufi na mpangilio wa somo. Lakini mwajiri makini ataulizia mazoezi ya kufundisha, na wanafunzi wako watastahili mwalimu aliyewahi kusimama darasani. Kabla ya kulipa, pata majibu ya haya:

- Cheti kitaandikwa idadi ya saa? Vibali vingi huhitaji idadi hiyo ionekane kwenye karatasi yenyewe.
- Kuna mazoezi ya kufundisha yaliyosimamiwa, na yataandikwa pia?
- Nani anakagua chuo, na ukiuandikia ubalozi wa nchi unayokwenda, wanakijua?
- Cheti ni karatasi yenye saini ya mtu unayeweza kumfikia? Faili tupu la kompyuta ni vigumu kuligongea muhuri.
- Jina lako litaandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti?

Swali hilo la mwisho usilione dogo. Nitalirudia kwenye mihuri.

Hatua ya 5: Leseni ya ualimu, kwa wanaolenga shule za kimataifa

Shule ya lugha na shule ya kimataifa ni soko mbili tofauti. Shule ya lugha hufundisha Kiingereza jioni na wikendi, na hutosheka na shahada pamoja na cheti. Shule ya kimataifa hufundisha mtaala mzima kwa Kiingereza, na humtaka mwalimu kamili: mwenye shahada ya elimu au stashahada ya uzamili ya ualimu, leseni kutoka nchi aliyosomea, na mara nyingi uzoefu wa miaka miwili. Mishahara na marupurupu ya shule hizi kwa kawaida huwa juu zaidi.

Kuna mtego hapa. PGCE, yaani cheti cha uzamili cha ualimu, inayosomwa England kwa kawaida huambatana na QTS, yaani hadhi ya mwalimu aliyehitimu, na QTS ndiyo inayohesabiwa kama leseni. PGCE ya kimataifa inayosomwa ukiwa popote duniani haiji na QTS. Ni sifa nzuri ya kitaaluma, lakini anayedai leseni hataikubali peke yake. Soma kwa makini unachonunua.

Kama tayari wewe ni mwalimu mwenye leseni katika nchi yako, usiidharau. Wako walimu wa darasani wanaokimbilia cheti cha mtandaoni kana kwamba wanaanza upya, wakati leseni yao, ikiambatana na barua za uzoefu, ina uzito mkubwa kuliko cheti hicho. Iombee barua ya uthibitisho kutoka mamlaka iliyoitoa, inayosema leseni iko hai na hujawahi kuchukuliwa hatua za nidhamu.

Hatua ya 6: Mtihani wa lugha

IELTS, TOEFL na TOEIC hutumika sana, na matokeo yake huhesabika kwa miaka miwili tu. Usiufanye mtihani mapema mno, ukajikuta matokeo yameisha muda kabla ombi halijasikilizwa. Mitihani ya Cambridge ya ngazi za C1 na C2, zile mbili za juu kabisa katika kipimo cha lugha cha Ulaya, matokeo yake hayana tarehe ya mwisho, ingawa mwajiri anaweza kutaka ya karibuni. Kwa kuingia CELTA utapimwa Kiingereza chako kwanza, na wanatazamia kiwango cha C2 au C1 ya juu.

Hatua ya 7: Cheti cha tabia njema na afya

Utafanya kazi na watoto, kwa hiyo karibu kila nchi itataka ushahidi kwamba huna rekodi ya uhalifu. Kiwe cheti cha ngazi ya taifa: cha polisi wa wilaya au mkoa mara nyingi hukataliwa. Kwa Mmarekani ni taarifa ya FBI, kwa Mwingereza ni cheti cha ofisi ya rekodi za polisi ya ACRO au kile cha kulinda watoto kiitwacho ICPC. Kama umeishi nchi nyingine kwa muda mrefu, utadaiwa na cha huko pia.

Cheti hiki ndicho kinachooza haraka kuliko vyote. Nchi nyingi hukikubali kikiwa kimetolewa ndani ya miezi mitatu au sita iliyopita, na ndani ya muda huohuo kinatakiwa kiwe kimegongwa mihuri. Kiombe baada ya shahada na cheti kuwa tayari, si kabla.

Uchunguzi wa afya hufanyika mara nyingi baada ya kufika, katika hospitali iliyoteuliwa na serikali. Korea hupima pia dawa za kulevya. Falme za Kiarabu hupima kifua kikuu na virusi vya UKIMWI, na majibu huamua kama utapewa ukaazi. Anayetumia dawa za kila siku achunguze sheria za nchi anayokwenda kabla ya kuzifunga kwenye begi; dawa ya kawaida katika nchi moja huweza kuwa marufuku katika nyingine.

Hatua ya 8: Mihuri

Sehemu hii huwachosha watu kuliko zote. Karatasi halali kwenu si halali kwingine mpaka ithibitishwe, na kuna njia mbili.

Ya kwanza ni apostili, iliyoanzishwa na mkataba wa The Hague wa 5 Oktoba 1961, ambao sasa una wanachama zaidi ya 120. Apostili ni karatasi au stika ya mraba inayobandikwa kwenye hati, ina vipengele 10 vyenye namba: nchi, aliyesaini, cheo chake, muhuri wa nani, mahali, tarehe, mamlaka, namba ya usajili, muhuri na saini. Basi. Haisemi kwamba shahada yako ni nzuri. Inasema tu kwamba saini iliyo juu yake ni ya mtu mwenye mamlaka ya kuitia. Inafanya kazi pale tu ambapo nchi iliyotoa hati na nchi inayoipokea zote mbili ni wanachama, na mkataba unatumika kati yao.

Njia ya pili ni kwa nchi zisizo wanachama. Hati huenda kwa wakili mthibitishaji, kisha wizara ya mambo ya nje ya nchi ilikotolewa, kisha ubalozi wa nchi unayokwenda. Wengine huongeza wizara ya elimu mwanzoni, au wizara ya mambo ya nje ya kule unakokwenda mwishoni. Mnyororo haurukwi. Muhuri mmoja ukikosekana katikati, unaofuata haugongwi.

Uanachama hubadilika, na maelezo ya zamani bado yanasambaa. China ilianza kutumia apostili tarehe 7 Novemba 2023, Kanada tarehe 11 Januari 2024. Mwongozo ulioandikwa kabla ya hapo utakutuma ubalozini bure. Angalia orodha rasmi ya HCCH, shirika linalosimamia mkataba huo wa The Hague, siku unayoanza, si ushauri wa aliyesafiri miaka mitano iliyopita.

Sasa lile la jina. Pasipoti ina majina matatu; shahada ina mawili na la tatu limekuwa herufi; cheti cha TEFL kimeanza na la ukoo; cha polisi kina jina la kabla ya ndoa. Wewe unajua wote hao ni mtu mmoja. Afisa hajui, na si kazi yake kukisia. Weka hati zote mezani kwa mstari, soma jina herufi kwa herufi, na tarehe ya kuzaliwa. Penye tofauti, sahihisha hati inayosahihishika. Isiyosahihishika, iandalie kiapo cha majina mbele ya wakili, nacho kigongwe mihuri ileile. Kazi hiyo ifanyike kabla ya muhuri wa kwanza, maana hati iliyokwisha kugongwa ikisahihishwa inarudi mwanzo wa foleni.

Kwa ujumla jipe miezi sita tangu unapoanza kukusanya hadi unapopanda ndege. Anayekwambia wiki tatu zinatosha ama ana viza ya utalii kichwani, ama ni kishoka.

Hatua ya 9: Mwajiri, wakala na mkataba

Kibali cha kazi huombwa na mwajiri, na mara nyingi kinamfunga mwajiri huyo na wewe. Kwa hiyo mwajiri naye anatakiwa kuwa na sifa: awe amesajiliwa na awe na ruhusa ya kuajiri wageni. Muombe namba ya usajili na jina kamili la kisheria la shule, kisha umtafute mwalimu wa kigeni anayefanya kazi pale sasa hivi na umuulize viza yake ni ya aina gani. Shule safi haioni tabu kukuunganisha naye.

Wakala anayekutafutia kazi analipwa na shule. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997 unaweka kanuni kwamba wakala binafsi asimtoze mfanyakazi ada, na ingawa si kila nchi imeuridhia, ni kipimo kizuri cha kumpimia unayeongea naye. Ada za viza na mihuri unaweza kuzilipa mwenyewe, kwa risiti, moja kwa moja kwa ofisi husika. Ada ya kupewa kazi, usilipe.

Kwenye mkataba tafuta kwa macho yako: aina ya viza kwa jina lake, nani anailipia, saa za kufundisha na saa za kukaa ofisini zikitenganishwa, bima ya afya, malipo ya likizo, na masharti ya kuvunja mkataba kwa pande zote mbili. Ukikuta kifungu kinachosema shule itatunza pasipoti yako, usitie saini. Kushikilia hati za mfanyakazi ni miongoni mwa dalili 11 za kazi ya kulazimishwa zilizoorodheshwa na Shirika la Kazi Duniani. Kuichukua kwa siku chache ili kuipeleka uhamiaji ni sawa. Kuifungia kabatini si sawa.

Hatua ya 10: Viza, kabla na baada ya kufika

Kila nchi ina karatasi moja ya kati ambayo mwajiri huipata kwanza na kukutumia. Japani ni hati ya ustahiki, ambayo kwa kawaida unatakiwa kuingia nayo ndani ya miezi mitatu. China ni barua ya taarifa ya kibali cha kazi, ambayo unaipeleka ubalozini kupata viza ya Z. Ukishaingia China, una siku 30 za kuomba kibali cha ukaazi. Korea una siku 90 za kujiandikisha kama mkaazi wa kigeni. Mwajiri asipozungumzia karatasi ya namna hii na badala yake akasema njoo kwanza kwa utalii, mengine tutayamaliza huku, swali lako liwe moja: sheria ya nchi yenu inaruhusu kubadilisha viza nikiwa ndani, na unaweza kunionyesha kifungu chake? Ziko nchi zinazoruhusu. Nyingi haziruhusu kufundisha hata siku moja kabla kibali hakijatoka, na hapo viza ya utalii, ya biashara au ya masomo haikukingi.

Hatua ya 11: Kazi za pembeni, mtandaoni, na kuhama shule

Ukishapata kibali, kumbuka kinataja kazi gani na wapi. Mwenye E-2 Korea haruhusiwi kufundisha wanafunzi binafsi majumbani, na kazi ya shule ya pili inataka idhini kwanza. Japani, anayefundisha shule za serikali huwa na hadhi tofauti na anayefundisha shule binafsi ya lugha, na kuvuka kutoka moja kwenda nyingine kunahitaji ruhusa ya uhamiaji.

Kufundisha mtandaoni si njia ya kukwepa haya yote. Ukiwa umeketi ndani ya nchi fulani na kulipwa, sheria ya nchi hiyo ya kazi na kodi inakuhusu hata kama wanafunzi wako bara jingine. Viza za wafanyakazi wa mbali, kama ile iliyoanzishwa Hispania mwaka 2023, zimetengenezwa hasa kwa wanaolipwa kutoka nje. Kuingia nazo kwenye darasa la shule ya mtaani ni jambo jingine. Sheria za nchi ya mwanafunzi nazo huweza kukugusa: Julai 2021 China ilibana masomo ya ziada ya kibiashara kwa watoto na kupiga marufuku kuwaajiri wageni walio nje ya nchi kuyafundisha, na walimu wengi duniani wakapoteza kipato chao ghafla.

Unapotaka kuhama shule, usiondoke kwanza ukauliza baadaye. Uliza sheria inadai nini: barua ya kuachiliwa, cheti cha kufutwa kwa kibali cha zamani, uthibitisho kwamba kodi imelipwa. Ziombe kwa maandishi ukiwa bado umeajiriwa, wakati mkuu wa shule bado anakuhitaji na ofisi inajibu barua zako. Pata pia barua ya uzoefu yenye tarehe za kuanza na kumaliza, idadi ya saa kwa wiki na umri wa wanafunzi, kwa karatasi yenye nembo na muhuri. Nchi ya pili itaidai.